Sketi Iliyonipwaya

Nilianza kufundisha hesabu nikiwa na miaka ishirini na minne, katika shule ya wasichana ya kutwa karibu na Kamwokya, mjini Kampala, na kwa miaka mitatu ya kwanza nilikuwa mwalimu mbaya. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Hesabu haikuwahi kunisumbua tangu utotoni, kwa hiyo sikujua kabisa mtu anayesumbuliwa nayo anajisikiaje. Niliingia darasani, nikaandika kanuni ubaoni, nikafanya mfano mmoja, nikatoa mazoezi kumi, nikaketi. Aliyekosa nilimwambia asome tena alichokiandika. Aliyekosa mara ya pili nilimwona mvivu.

Nyumbani kwetu ni Kasubi. Babu wa babu yangu alifika Buganda na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki, na tangu hapo jikoni kwetu kumezungumzwa Kiswahili. Lakini kilikuwa Kiswahili cha jikoni tu. Miaka ile baada ya vita, watu wengi wa Kampala walipokisikia walikumbuka vizuizi vya barabarani na sauti za askari: simama, toa kitambulisho, lala chini. Mama alitukataza kukiongea ndani ya taksi. Kwa hiyo njiani nilikuwa Mganda, shuleni nilikuwa wa Kiingereza, na Kiswahili nilikiacha mlangoni pamoja na viatu.

Naeleza haya ili ieleweke kwa nini nilifanya nilichokifanya Ijumaa ile.

Katika kidato cha pili nilikuwa na wasichana sabini na wachache, wamebanana watatu watatu kwenye madawati. Mmoja wao alikuwa ametoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka uliotangulia, yeye na mama yake, wakikimbia vita vya kwao. Alikuwa mrefu, kimya, na daftari lake lilikuwa safi kuliko yote. Alisoma kwa Kifaransa mpaka alipokuja kwetu, basi Kiingereza chake kilikuwa bado kinachechemea. Kiswahili alikijua kama mimi, lakini sikuthubutu kukiongea mbele ya darasa, na nilidhani akili ndiyo inayochechemea.

Ijumaa hiyo tulikuwa na somo la duara. Niliandika ubaoni ile herufi ya Kigiriki yenye miguu miwili, nikamnyooshea chaki yeye.

"Hii inaitwaje?"

Akasimama. "Pii," akasema.

Darasa likaanza kucheka chini chini. Sisi tulisema "pai". Na neno alilolitamka, kwa Kiingereza cha watoto, ni mkojo. Ningeweza kumsahihisha na kuendelea. Badala yake nilisema, "Kama umebanwa, choo kiko nyuma ya jiko."

Wasichana sabini walicheka mpaka wengine wakalaza vichwa juu ya madawati. Nami nilicheka. Yeye hakuketi. Alibaki amesimama, mikono yake imeshika ukingo wa dawati, mpaka kengele ilipolia.

Jumatatu hakuja. Wiki nzima hakuja. Mwanzoni sikujali, maana katika darasa la watu sabini pengo la mmoja halionekani. Ijumaa iliyofuata nilimuuliza jirani yake wa dawati kama rafiki yake anaumwa.

"Haumwi, Madamu. Anashona kwa mama yake sokoni. Amesema harudi tena."

"Kwa nini?"

Yule msichana aliangalia viatu vyake. "Madamu unajua," akasema.

Nilijua. Nilikwenda nayo nyumbani ile sentensi, nikala nayo chakula. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilivaa buibui langu nikaenda soko la Kamwokya kuwatafuta.

Haikuwa kazi kuwapata. Niliuliza fundi Mkongomani, nikaelekezwa kwenye kibanda cha mbao katikati ya muuza redio na mwanamke wa kukaanga mihogo. Ndani kulikuwa na cherehani moja, meza moja pana, na vitenge vimening'inizwa hadi darini. Mama wa msichana alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, futi ya kupimia imemzunguka shingoni. Alinikaribisha kwa tabasamu la mwenye duka.

"Karibu, mama. Sketi ao gauni?"

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," nikasema.

Tabasamu likaondoka taratibu. Binti yake alikuwa mezani na mkasi mkononi, na hakuinua uso.

"Ah," mama akasema. "Ni wewe."

Nilitegemea kutukanwa. Badala yake alivuta benchi akalifuta kwa kitambaa. "Ikaa. Kuna mutu anakuja kuchukua nguo yake saa sita. Tukamaliza, tutaongea."

Nikaketi, sina la kufanya ila kutazama. Walikuwa wanakata sketi ya mwavuli, ile pana inayofunguka mtu akizunguka. Mama alikunja kitambaa mara mbili, kikawa na pembe moja nene yenye mikunjo minne. Akasoma kwenye kikaratasi.

"Kiuno sitini na sita."

"Kumi na moja," binti akajibu papo hapo. "Toa kidole."

Mama alishika ncha ya futi kwenye pembe ya kitambaa, akapima sentimita kumi na moja, akarudisha nyuma upana wa kidole chake kimoja. Kisha, kwa kipande cha sabuni, alichora tao kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, futi ikizunguka kama bikari. Mkasi ukapita. Walipokikunjua kitambaa, katikati palikuwa na tundu la mviringo, safi kama limekatwa kwa mashine.

Nilikuwa nimefundisha duara kwa miaka mitatu. Sikuwahi kuona mtu akilitumia.

"Mnagawa kwa sita?" nikauliza. "Kiuno mnakigawa kwa sita?"

"Ndiyo," akasema mama.

"Na kidole ni cha nini?"

"Bila kidole inapwaya."

"Lakini kwa nini sita? Kwa nini isiwe tano, au saba?"

Mama aliweka mkasi chini. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kitu kutoka kwangu. "Mwalimu, ile swali mi niliulizaka sista aliyenifundisha kushona kule Bukavu. Alinipiga na rula ku vidole. Nikanyamaza. Miaka makumi mbili nagawa kwa sita na sijue sababu. Sasa wewe ni mwalimu wa hesabu. Nielezee."

Nilifungua mdomo, kikatoka Kiingereza. Maneno yote niliyokuwa nayo juu ya duara yalikuwa ya Kiingereza. Yeye akasubiri kwa adabu, kisha akasema, "Mi sisikie Kizungu."

Hapo ndipo nilipojaribu, kwa mara ya kwanza maishani, kueleza hesabu kwa lugha ya jikoni kwetu. Nilijikwaa. Sikujua kama niseme mzingo au mzunguko, kipenyo au upana. Mwishowe niliacha maneno, nikaomba uzi. Kulikuwa na beseni pale chini. Nilizungusha uzi mara moja kwenye mdomo wake, nikaukata, kisha nikaulaza kukatiza beseni, kutoka ukingo hadi ukingo, kupitia katikati. Uliingia mara moja, mara mbili, mara tatu, na kipande kidogo kikabaki.

"Tatu na kidogo," nikasema. "Sasa jaribu wewe, kwa kitu kingine."

Akachukua kikombe. Uzi ukaingia mara tatu, kidogo kikabaki. Akachukua kifuniko cha sufuria. Tatu na kidogo. Akachukua kifungo cha koti, akahangaika na uzi mwembamba kabisa mpaka akatoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Tatu na kidogo. Akaenda kwa yule wa mihogo akaazima karai lake, mafuta yakiwa yamemwagwa, akarudi nalo.

"Yote?" akaniuliza. "Kila kitu cha duara?"

"Kila kitu."

"Hata mwezi?"

"Hata mwezi."

Alicheka, akapiga makofi mara moja. Kisha akalitazama lile tundu la sketi. Niliona anafikiri na sikumsaidia, ilinibidi nijizuie. "Kukatiza ni tatu na kidogo," akasema polepole. "Lakini mi sipimi kukatiza. Napima kutoka pembe mpaka ukingo. Ni nusu. Basi inaingia mara sita... sita na kidogo!" Akaigonga meza. "Sita ni chache, basi jibu linatoka kubwa. Na kidole kinaondoa ile iliyozidi!"

"Ile tatu na kidogo inaitwa pii," binti yake akasema.

Alimwambia mama yake, si mimi. Lakini nilisikia. Nilimuuliza alijifunza wapi, akajibu bila kuniangalia kwamba Bukavu wote wanasema hivyo, mwalimu wake alisema hata Wagiriki wenyewe wanasema hivyo. Nami sikuwahi kujua. Alikuwa amenipa jibu sahihi, na mimi nilimpeleka chooni mbele ya watu sabini.

Nikamwambia pale pale, "Nimekukosea. Nisamehe."

Mama akaingilia kabla binti hajajibu. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, ulimutukania hapa?"

"Hapana. Darasani."

"Basi umuombe msamaha kule."

Jumatatu msichana alikuja na sare iliyopigwa pasi. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, lakini nilipofika mbele ya darasa nilianza kwa kufuta ubao uliokuwa tayari safi. Katika shule zetu mwalimu haombi msamaha. Sikuwahi kumwona hata mmoja akifanya hivyo tangu nilipoanza kusoma. Niliweka chaki mezani ili mikono isiwe na cha kuchezea.

"Siku ile nilimcheka mwenzenu," nikasema. "Neno alilolisema lilikuwa sahihi. Mimi ndiye sikujua. Na hata kama angekosea, sikuwa na haki ya kumcheka. Naomba anisamehe mbele yenu, kwa sababu mbele yenu ndipo nilipomkosea."

Hakuna aliyecheka. Msichana alisimama, akasema, "Nimesikia, Madamu," akaketi. Hakusema amesamehe, na nilimheshimu kwa hilo.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nikawa mwalimu mzuri. Hapana. Kilichofuata ni kwamba kiburi kilinirudia kwa mlango mwingine. Ile habari ya kidole haikunitoka akilini. Nilijiambia kwamba hawa mafundi wanakisia tu. Mtu mwenye kanuni kamili hahitaji kidole. Nikanunua mita kadhaa za kitambaa cha bluu, nikajipima kiuno, sabini na mbili. Nikagawa kwa sita na ile kidogo, desimali zote, nikapata kumi na moja nukta nne sita. Nikakata kwa uangalifu mkubwa, nikashona kwa cherehani ya mama yangu, nikaivaa.

Ikanishuka hadi nyongani.

Nilirudia hesabu mara tatu. Hakukuwa na kosa. Nilipima kiuno cha sketi, kilikuwa sabini na nane. Mama yangu aliniona nimesimama katikati ya chumba nimeshika sketi kwa mikono miwili, akauliza kama nimeanza kukonda kwa sababu ya mapenzi.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kuificha. Kisha nikafikiri juu ya swali la yule mama, na miaka ishirini aliyolibeba kwa sababu mtu fulani hakutaka kuulizwa. Alhamisi niliivaa shuleni, nimeibana kwa pini tatu. Niliingia kidato cha pili nikawaeleza wasichana yote: kiuno, mgawanyo, desimali. Nikatoa pini moja, wakaona.

"Hesabu iko sawa," nikasema. "Sketi imezidi kwa sentimita sita. Kosa liko wapi? Mimi sijui."

Sijawahi kusahau kelele iliyofuata. Kwa miaka mitatu nilikuwa nawauliza maswali ambayo majibu yake nilikuwa nimeyashika mfukoni, nao walijua. Hili lilikuwa swali la kweli. Mmoja alisema kitambaa kimevutika. Mwingine akasema futi ya nyumbani kwetu ni mbovu. Wa nyuma kabisa, ambaye hakuwahi kufungua kinywa katika somo langu, akasema labda Madamu alikula sana siku ya kujipima, na darasa likavunjika kwa kicheko, nami nikacheka pamoja nao.

Kisha msichana wa Bukavu akainua mkono.

"Mshono," akasema. Akatafuta maneno, nikamwambia aseme kwa Kiswahili, nami nitawatafsiria wasioelewa. Akaja mbele. "Ukishona mkanda wa kiuno, unakula sentimita moja ya kitambaa kuzunguka tundu lote. Tundu linapanuka. Madamu alikata vizuri, lakini akasahau mshono. Kidole cha mama kiko na vitu viwili ndani yake: kile kidogo cha sita, na mshono."

Nikampa chaki.

"Lakini mshono ni sentimita moja tu," akasema jirani yake wa dawati. "Mbona imekuwa sita?"

Akachora ubaoni duara, na duara jingine kubwa kidogo kulizunguka. Akaonyesha kwamba ukisogea nje sentimita moja kutoka katikati, mzingo unaongezeka sita na kidogo. Ukisogea mbili, kumi na mbili na kidogo. "Kwa kiuno chochote," akasema.

"Hata cha mtu mnene?"

"Chochote."

"Hata tangi la maji?"

Darasa likagawanyika. Wengi walisema haiwezekani, tangi ni kubwa, lazima litake nyongeza kubwa. Wangeendelea kubishana mpaka jioni, basi nikawatoa nje. Hatukuwa na kamba. Mtu akafungua ile ya mlingoti wa bendera. Tulizungusha tangi la shule, tukatia alama, kisha tukaongeza sentimita sitini na tatu, yaani kumi mara sita na kidogo, tukafunga fundo. Wasichana wakasimama kulizunguka tangi, kila mmoja ameegemeza rula kwenye bati ili kamba isogee mbali. Nikapita nikisoma rula moja baada ya nyingine. Kumi. Kumi. Kumi kasoro kidogo, kamba ilikuwa imelegea. Kumi. Kisha tukafanya hivyo hivyo kwa kikombe cha plastiki kilichowekwa katikati ya karatasi, kwa uzi. Nyongeza ile ile, sitini na tatu. Kumi pande zote.

Mwalimu mkuu alitokea kwenye kona ya ofisi. Alikuwa mwalimu wa historia, mkali, na wasichana walimwogopa kuliko radi.

"Nani amefungua kamba ya bendera?"

Walimjibu wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Alinyoosha mkono wakanyamaza, akamteua mmoja aeleze. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haubadiliki.

"Na kama kamba ingezunguka dunia nzima," akauliza, "nami nataka isimame mbali na ardhi kwa sentimita kumi, kila mahali. Ningeongeza kamba kiasi gani?"

"Sitini na tatu, Madamu," akasema msichana wa Bukavu.

"Kilomita sitini na tatu?"

"Sentimita, Madamu."

"Dunia nzima?"

"Nzima."

Mwalimu mkuu aliangalia tangi, akaangalia kikombe. "Rudisheni kamba ya bendera," akasema, akaondoka. Hatua kama kumi hivi, akasimama, akageuka. "Kabla ya kuirudisha," akasema, "nionyesheni tena."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbele, ingawa kwa kusitasita. Mwalimu mkuu aliniruhusu kutoa somo moja kwa wiki nje ya darasa. Wazazi wengine walilalamika. Baba mmoja alikuja ofisini kusema hakumleta mtoto wake shuleni apime matangi. Na mtihani wa taifa ulipofika, wengi katika kundi lile walipata alama za chini bado. Nilikaa katika chumba cha walimu na orodha ya matokeo mbele yangu, nimevunjika moyo. Mwalimu mkuu akaichukua, akaisoma, akairudisha.

"Unajua wasimamizi walikuwa wananiambia nini miaka ya nyuma?" akasema. "Kwamba wasichana wetu hukaa nusu saa, wakarudisha karatasi nyeupe. Safari hii wameandika mpaka kengele ya mwisho. Mtu anayeandika, utamfundisha. Mwenye karatasi nyeupe utamfundisha nini?"

Jumamosi nilizoea kwenda kibandani. Mwanzo nilienda kushonewa. Yule mama alinirekebishia sketi ya bluu, akaibana kwa mikunjo miwili kiunoni, akakataa malipo. Baadaye nilienda kwa sababu maswali yalikuwa yakinisubiri. Alikuwa ameambukiza soko. Mwanamke wa mihogo alitaka kujua kwa nini karai lenye upana mara mbili linakula mafuta zaidi ya mara mbili. Muuza redio, Mkenya, alikuwa na fumbo la saa na mishale yake. Mke wa askari mmoja aliuliza kwa aibu kama kweli kuna namba chini ya sifuri, au walimu waliitunga kutesa watoto. Wote walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na chake, kile cha Kenya, kile cha Kongo, kile cha kambi za askari chenye l na r zilizobadilishana nafasi, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Nilikuwa na miaka karibu thelathini, nikagundua kwamba ninaweza kukiongea hadharani bila kugeuka nyuma.

Yale tuliyoyajibu nilianza kuyaandika. Swali moja, ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo wale wa sokoni walikuwa wameyapitisha. Nilimsomea kwanza yule mama, na pale alipokunja uso nilifuta nikaandika upya. Alikuwa mhariri asiye na huruma. "Hapa umerudia kuwa mwalimu," alikuwa akiniambia, nami nilijua ni aya gani. Shule iliniruhusu kutumia mashine ya kurudufu, nikatoa vijitabu vyembamba vyenye wino unaochafua vidole. Mwenzangu wa shuleni akaviweka kwa Kiganda. Vikatembea kuliko nilivyotarajia.

Binti yake alisoma hadi mwisho, ingawa si kwa njia iliyonyooka. Mama yake aliugua mapafu, naye akaacha shule mwaka mzima kuendesha cherehani. Niliogopa kwamba tumempoteza. Alirudi akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, akaketi dawati la mbele, akanimaliza kwa maswali. Alifaulu. Akaenda chuo kujifunza upimaji wa ardhi, na leo anafanya kazi kwenye barabara mpya za magharibi, amevaa kofia ya plastiki ya njano, akiwaamrisha wanaume waliomzidi umri mahali pa kusimika vigingi. Mama alipona. Hakurudi Bukavu, anasema huko amebakiwa na makaburi tu. Kibanda kimekuwa chumba cha matofali, na ndani kuna wasichana wanaojifunza kushona, ambao kila mmoja lazima azungushe uzi kwenye beseni kabla hajaruhusiwa kugusa mkasi.

Na lile neno la msamaha? Lilikuja miaka mingi baadaye, siku yule binti alipopata kazi. Alikuja kwetu Kasubi na kikapu cha maparachichi, akanywa chai na mama yangu, akaongea habari za barabara. Alipokuwa anaaga mlangoni akasema, kwa Kiingereza safi kuliko changu, kwamba kuna jambo alisahau kunijibu darasani, na kwamba jibu ni ndiyo. Kisha akashika njia ya kuteremka kabla sijasema kitu.

Sasa nimestaafu, lakini Jumamosi bado ninazo. Wiki iliyopita alikuja mwanamume mmoja mzee, askari wa zamani wa gereza kule Luzira. Aliketi mwisho wa benchi, kofia magotini, akawaacha wote wamalize maswali yao. Mke wake alikuwa ameleta nguo kurekebishwa, akapewa kijitabu, na mumewe akakisoma chote.

"Mama mwalimu," akasema, "samahani, swali langu ni la kitoto. Nimelibeba tangu darasa la saba. Hasi mara hasi, kwa nini inakuwa chanya? Nilichapwa kwa kuuliza hilo."

Wasichana waliokuwa wanashona wakasimamisha cherehani zao kusikiliza. Nilianza kutafuta mfano, nikaona mfano wa kwanza haufai, wala wa pili.

"Hilo si la kitoto," nikamwambia. "Nipe kalamu. Sogea hapa, tulitafute pamoja."